Kabla uchukue mkopo wa duka, nionyeshe daftari lako

Mkopo wangu wa kwanza wa duka ulikuwa 40,000 na nilinunua friji. Duka liko Rhonda hapa Nakuru, kaduka ka mabati kando ya ploti za kukodisha, nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, mboga hapo mbele kwa meza, na mkate asubuhi. Nikaona watu wa maduka makubwa wako na friji ya kioo yenye soda zimepangwa vizuri nikasema hata mimi. Niliipata ya mtumba 32,000, nikaileta na mkokoteni mwezi wa sita, watoto wakashangilia. Sasa niambie, ni nani anakunywa soda baridi Nakuru mwezi wa saba na hiyo baridi yote? Tokeni za stima zikawa zinaisha kabla ya wikendi, soda zimekaa hapo zinaniangalia, na kila Alhamisi kikundi chetu cha mkopo kinataka 1,000 kwa wiki 48. Wiki ya tisa nikashindwa. Wenzangu wakanilipia, ndio masharti ya kikundi, halafu jioni wakakuja kwangu wanawake kumi, wakakaa, nikawapikia chai, wakaikunywa polepole kabisa na hakuna mtu alitaja pesa mpaka vikombe vikaisha. Hiyo chai siwezi sahau. Friji niliiuza 19,000.

Tangu hapo nimekopa mara nne na nikalipa zote, na kina mama hapa mtaani wamekuwa wakiniuliza nafanyaje, so wacha niandike yote mahali pamoja.

Kwanza kabisa: daftari la siku 30

Usiende kwa afisa wa mkopo, usipige *254# ya Hustler Fund, usijiunge na kikundi, kabla hujaandika siku 30 mfululizo za duka lako. Siku 30 kwa sababu duka la mtaa lina mawimbi. Kuanzia mwisho wa mwezi mpaka kama tarehe 10 watu wanalipa pesa mkononi, wananunua unga beli nzima wengine, halafu kuanzia tarehe 18 hivi unaona watoto tu wanatumwa na maneno. Ukiandika wiki moja ya tarehe 3 utajidanganya kwamba wewe ni tajiri.

Nunua daftari la 50 bob, chora safu tano. Mauzo, vitu umenunua, gharama za duka (kodi, stima, mkokoteni, mifuko), deni umetoa, na ya tano ambayo wengi hawataki: NYUMBANI. Kila kitu kinatoka kwa duka kikiingia jikoni kwako uandike kwa bei ya kuuza kama vile wewe ni mteja. Hii ni ukurasa wangu mmoja, Jumanne ya kawaida tu:

mauzo mkononi 2,140, tili (namba ya M-Pesa ya duka) 1,390, deni 410. Nyumbani maziwa mbili, mkate mmoja, nyanya za 20. Mkokoteni 100. Nyanya zimeoza 9.

Hizo nyanya 9 pia andika. Nilikuwa natupa tu bila kuhesabu, nikahesabu mwezi mmoja nikapata zimefika karibu nusu kreti na nikabadilisha siku ya kuenda soko. Sasa naenda Wakulima mara mbili kwa wiki nachukua kidogo, badala ya mara moja nachukua nyingi na nusu inaharibikia kwa meza.

Baada ya siku 30 unafanya hesabu hii, na usiogope hesabu, ni kujumlisha na kutoa tu. Tuseme duka linauza 3,800 kwa siku ukichukua wastani. Faida ya duka la vyakula si kubwa, tuseme kwa yote ukichanganya mboga na unga unabaki na kama 15 kwa kila 100, hiyo ni 570. Toa kodi, kama ni 4,500 kwa mwezi basi ni 150 kwa siku. Stima 30, mkokoteni ama boda 80, mifuko na takataka zingine 20. Umebaki na 290. Toa chakula cha nyumbani, 150. Imebaki 140 kwa siku. Mara 30, ni 4,200 kwa mwezi.

Hiyo 4,200 ndio mshahara wa mkopo wako. Na mimi nasema gawa mara mbili, nusu ndio unaweza ahidi mtu, nusu ingine ni ya mtoto kuugua, ya mvua siku tatu bila wateja, ya mazishi ushago. So unaweza kulipa 2,100 kwa mwezi bila kukosa usingizi. Ukikopa 20,000 kwa riba ya 20 kwa 100 kwa mwaka, utarudisha 24,000, gawa kwa miezi 12 ni 2,000. Inatosha. Afisa atakuambia unaweza pata 50,000 kwa sababu duka lako liko poa na yeye ako na tageti yake ya mwezi, lakini daftari limesema 20,000. Amini daftari.

Kuna mtu atasema lakini mkopo utaongeza stoki na stoki itaongeza faida, si nihesabu hiyo faida mpya pia? Hapana. Hiyo usiihesabu kabisa kwa mkopo wa kwanza. Ikikuja ni yako, isipokuja bado unalipa.

Pili: amua mkopo utanunua nini, kwa jina na idadi

Usiandike "stoki". Andika beli za unga ngapi, gunia la sukari ngapi, jerikani ya mafuta ngapi, waru gunia ngapi.

Na hapa kuna kitu kilinichukua miaka kuelewa. Faida kubwa kwa kitu kimoja si faida kubwa kwa mwezi. Chukua beli ya unga, pakiti 12 za kilo mbili mbili. Kwa kila pakiti tuseme unapata shilingi 8, beli nzima ni 96, unaona ni ujinga si ndio? Lakini kama kwako beli inaisha kwa siku mbili, hizo pesa zinarudi unanunua beli ingine, kwa mwezi zimezunguka mara 15, na 96 mara 15 ni 1,440. Sasa chukua mabeseni dazani moja kwa pesa karibu sawa na ile ya beli. Kila beseni unapata 50, dazani ni 600, unasema hapa ndio kuna pesa. Lakini mabeseni yanachukua miezi minne kuisha. 600 gawa kwa nne ni 150 kwa mwezi. Na bado yamekuzibia nafasi kwa rafu.

So pesa ya mkopo inaenda kwa vitu vinavyozunguka kabla siku ya kulipa ifike. Kwangu mimi ni unga, sukari, mafuta ya kupima, maziwa, mayai, mkate, waru za Molo, omena kidogo, sabuni ya kipande na viberiti. Mafuta ya kupima hasa, mtaa kama huu mtu ananunua ya 20 ama ya 30 kila jioni, huyo huyo mtu mara 25 kwa mwezi, na ukijumlisha amelipa zaidi ya mwenye amenunua lita moja kwa supamaketi lakini hana hiyo pesa ya lita moja kwa mara moja, ndio maana tuko. Daftari lako litakuonyesha vyako. Angalia ni kitu gani kiliisha na mteja akarudi mikono mitupu. Hicho ndio cha kwanza kukopea. Mimi nilikuwa naandika kando ya ukurasa, "hakuna mayai x4", yaani watu wanne wameuliza mayai leo na sikuwa nayo.

Friji, rafu mpya, kupaka rangi, bango, hizo ni za kununua na faida. Mkopo usiguse.

Tatu: uende wapi

Kuna milango kadhaa na kila moja iko na tabia yake.

Chama chako mwenyewe, ile tebo benkingi ya kina mama, mnaweka akiba na kukopeshana hapo hapo mkutanoni. Mimi naanza hapa kila mara. Riba mnapanga wenyewe, mara nyingi hata inaonekana kubwa, kuna vyama vinatoza 10 kwa 100 kwa mwezi, lakini mwisho wa mwaka mnagawana hiyo riba, inarudi kwa mifuko yenu. Ubaya ni pesa ni kidogo na mko wengi mnaitaka siku moja, haswa Januari.

Sacco. Polepole lakini nafuu. Unaweka akiba miezi kadhaa halafu nyingi zinakupa mpaka mara tatu ya depositi zako ukiwa na wadhamini. Ukiwa unafikiria duka la miaka mitano anza kuweka sacco leo hata kama ni 200 kwa wiki.

Maikrofainansi, zile za vikundi. KWFT, ile ya mikopo midogo ya wanawake, imekuwa ikikopesha wanawake tangu miaka ya 80, na ziko zingine nyingi mjini. Huu mtindo wa kudhaminiana kwa kikundi bila shamba wala hati ulipewa nguvu na Muhammad Yunus kule Bangladesh kuanzia 1976, na 2006 yeye na benki yake ya Grameen wakapewa Nobel. Sisi ambao hatuna hati ya shamba kwa jina letu, na hapo ni wengi wetu kwa sababu shamba liko kwa jina la mzee ama la baba mkwe, huu ndio mlango umetufungulia. Lakini ni kali, umeona ile chai yangu.

Pesa za serikali: Women Enterprise Fund iko tangu 2007, Uwezo Fund tangu 2013, mara nyingi zinapitia vikundi vilivyosajiliwa. Ni nafuu kuliko karibu zote, ila zina subira yake, fomu inaenda mahali inakaa. Usipange stoki ya mwezi ujao na pesa ya Uwezo. Kikundi kiwe na cheti kutoka ofisi ya huduma za jamii, sheria ya vikundi ya 2022 inataka angalau watu 10, kiwe na katiba yake, akaunti, na kitabu cha mikutano chenye kimeandikwa kweli sio kilichoandikwa usiku mmoja na kalamu moja. Wanajua, wanaangalia wino.

Hustler Fund, mkopo wa serikali wa kwa simu, ilizinduliwa 30 Novemba 2022, ya mtu binafsi ni kutoka 500 mpaka 50,000 kulingana na vile umekuwa ukilipa, riba 8 kwa 100 KWA MWAKA, unalipa ndani ya siku 14, na 5 kwa 100 ya kile umekopa inakatwa inaenda akiba yako. Kwa duka inafanya kazi moja nzuri sana: kuziba pengo la siku chache. Gunia la waru limeshuka bei leo, wateja wako watakulipa tarehe moja, unachukua 3,000, unarudisha kabla ya wiki mbili, riba haifiki hata shilingi 10. Lakini si pesa ya kujengea duka, siku 14 ni fupi.

Na mikopo ya simu zile zingine. Sikatazi, nimetumia. Ila soma vizuri hiyo asilimia ni ya muda gani. M-Shwari ilipoanza 2012 ilikuwa na ada ya 7.5 kwa 100 kwa mkopo wa siku 30. Mtu anasikia 7.5 na 8 anafikiria ni majirani, kumbe moja ni ya mwezi na ingine ni ya mwaka. Ukichukua ya 7.5 kila mwezi mwaka mzima umelipa 90 kwa kila 100. Unga unakupa shilingi 8 kwa pakiti, hiyo haitoshi kulisha simu.

Swali moja la kuuliza mezani

Afisa akianza kuongea asilimia mwache amalize, halafu umuulize hivi: "Sasa niambie, mkononi napokea shilingi ngapi, na kwa jumla narudisha shilingi ngapi, mpaka siku ya mwisho?" Umwambie akuandikie kwa karatasi. Kwa sababu kuna ada ya fomu, kuna bima, kuna akiba ya lazima, unaweza kuwa umekopa 50,000 na ikaingia 46,500 na riba inahesabiwa kwa 50,000.

Halafu uulize kama riba ni ya flati ama ni ya salio linalopungua. Hii usiruke. 50,000 kwa mwaka kwa 20, ikiwa ni flati riba ni 10,000, unalipa 5,000 kila mwezi. Ikiwa ni ya salio linalopungua unalipa kama 4,630 na riba yote inakuja karibu 5,600. Asilimia ni ileile 20! Tofauti ni kwamba ya flati inakutoza mwezi wa kumi na moja kama vile bado unashikilia 50,000 yote na ulishalipa karibu zote. Mimi hiyo tofauti ya 4,400 naiona kama beli mbili na kitu za unga nimepeana bure.

Karatasi zenye utahitaji ni kitambulisho, PIN ya KRA, leseni ya biashara ya kaunti, saa zingine cheti cha afya kwa sababu unauza chakula, na rekodi ya M-Pesa ya miezi sita. Hapo kwa rekodi ndio tili inasaidia. Kama bado unapokea pesa za wateja kwa namba yako ya kawaida, zimechanganyika na za shemeji ametuma na za chama, afisa hawezi jua duka ni gani. Chukua tili ama Pochi la Biashara angalau miezi mitatu kabla ya kukopa. Na uangalie CRB yako mapema, ile rekodi ya vile umekuwa ukilipa mikopo, sheria inakupa ripoti moja ya bure kila mwaka. Jirani yangu alinyimwa kwa sababu ya deni la simu alisahau, la laini aliyotupa zamani.

Ukiwekewa karatasi ya mali ya nyumbani usaini, soma. Tangu ile sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, sofa, TV, mizani, hata stoki yenyewe inaweza kuandikishwa kuwa dhamana. Usiandike kitu cha mama mkwe. Nacheka lakini nimeona.

Kikundi: chagua kwa mlango

Kama ni mkopo wa kikundi, ingia na watu wenye unajua mlango wao na unajua wanauza nini. Sio "rafiki ya rafiki", sio mtu ameletwa na afisa ili idadi ifike. Mimi naangalia vitu viwili tu: duka ama meza yake imekuwa hapo zaidi ya mwaka, na akisema anakuja saa tisa anakuja saa tisa. Mwenye anachelewa mkutano atachelewa malipo, sijui kwa nini lakini iko hivyo. Na msiwe wote mnauza kitu kimoja, siku nyanya imeanguka bei nyote mnaanguka pamoja, sasa nani atamdhamini nani.

Siku pesa imeingia

Isilale. Nasema tena, pesa ya mkopo isilale kwa simu yako hata usiku mmoja. Ulishaandika orodha, bei za jumla ulishauliza maduka matatu mjini siku iliyotangulia, basi pesa ikiingia saa nne asubuhi saa tano uko kwa muuzaji wa jumla na saa nane mkokoteni uko mlangoni. Kwa sababu ikilala watu wanaota. Mzee ataota tairi ya pikipiki, shule itatuma mesegi ya fii, dada yako atapiga simu tu kusalimia. Mimi hata siku ya pesa simwambii mtu, mzee wangu anaona stoki jioni. Mwanzoni alikasirika, sai anasaidia kupakua. Kama fii ya shule ndio shida yako ya kweli basi kopa ya fii, kwa chama, kwa jina lake la fii, lakini usiibe ya duka kwa sababu duka ndio litalipa hiyo fii muhula ujao.

Na ukope kwa msimu. Ploti za hapa kwetu Desemba zinabaki tupu, watu wameenda ushago, ukichukua mkopo Novemba ukifikiria Krismasi utakaa na sukari yako na taa za majirani zimezimwa. Wenye maduka kule ushago ndio Desemba yao. Kwangu mimi mkopo mzuri ni wa kuingia tarehe 25 hivi, mishahara inakaribia, na mwezi ambao shule zinafunguliwa sio wa chakula tu, unaongeza madaftari, kalamu na rangi ya viatu.

Kitabu cha madeni

Sasa hapa. Wanawake wengi wenye nimeona wakianguka hawakuangushwa na riba, waliangushwa na hiki kitabu chenye kimefungwa na raba bendi pale chini ya kaunta. Mkopo umeingia, rafu zimejaa, mtaa mzima umeona zimejaa. Kesho yake asubuhi mtoto anakuja, "Mama amesema umpatie mkate na maziwa na sukari nusu, atakuja jioni." Utamnyima mtoto na anaenda shule? Unampa. Jioni mama hakuji. Kesho mtoto tena. Baada ya wiki tatu yule mama ako na 1,870 kwako na sasa anazunguka kwa njia ya nyuma asipite mlangoni, na kibaya zaidi, akipata pesa mkononi anaenda kununua kwa duka ya mwenzako kwa sababu kwako ana aibu. Umepoteza deni na umepoteza mteja. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga waliona haya maduka yetu.

Huwezi kukataa deni kabisa, usidanganywe. Duka la mtaa bila deni watu watakuita jina. Lakini deni liwe na ukuta. Mimi nafanya hivi: madeni yote yakijumlishwa yasizidi moja kwa kumi ya stoki. Stoki ikiwa 40,000, kitabu kikifika 4,000 kimefungwa mpaka mtu alipe. Kila nyumba iko na kiwango chake, hakuna anayepita 500, na mtu hapewi lingine kabla hajapunguza la kwanza. Mtoto akitumwa namwambia "mwambie mama anipigie", na nusu yao hawapigi, kumbe pesa ilikuwako. Ijumaa jioni natuma mesegi kwa kila mtu na kiasi chake, kwa upole, "Mama, jioni njema, kitabu kinaonyesha 340, ukipata hata nusu nitashukuru." Sitaji mbele ya watu hata siku moja.

Na wale wakubwa, mke wa mwenye ploti, askofu, mtu wa nyumba kumi, hao ndio wagumu. Mwenye ploti wangu tulikubaliana deni lake linakatwa kwa kodi, nikaandika kwa karatasi akasaini. Ilichukua moyo kumwomba hiyo saini, lakini alisaini tu bila maneno.

Wiki ikikupinda

Itakupinda. Toka siku ya kwanza weka kando pesa ya rejesho moja, uifiche kwa sacco ama kwa mtu mkali. Ukiona bado haitoshi, nenda kwa afisa na kwa mwenyekiti wa kikundi KABLA ya siku ya kulipa, na daftari mkononi, uwaonyeshe nini kimetokea na utalipa kiasi gani. Mtu amekuja mwenyewe na daftari anasikizwa tofauti na mtu amezima simu. Omba muda uongezwe, malipo yapungue.

Usichukue mkopo wa apu ya simu kulipa maikrofainansi, halafu apu ya pili kulipa ya kwanza. Hiyo barabara naijua mwisho wake. Na kama ulishaingia huko, ujue tangu 2022 wakopeshaji wa simu wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na hawaruhusiwi kupigia watu walio kwa simu yako kukuaibisha. Wakifanya hivyo piga picha ya hizo mesegi, uandike tarehe, upeleke malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Deni ni lako utalipa, lakini kuitiwa mwizi kwa mwalimu wa mtoto wako haikuwa kwa mkataba.

Rejesho la mwisho

Ukimaliza omba barua ya kumaliza deni, na kama waliandikisha sofa yako waambie waitoe kwa rejista, wasikuambie "itatoka yenyewe". Halafu usikope tena siku hiyo, hata kama afisa ameshakuletea fomu ya 80,000 na kalamu juu. Ile 2,000 ya kila mwezi ulikuwa umezoea kutoa, endelea kuitoa miezi mitatu, ujilipe wewe mwenyewe. Mimi nilifanya hivyo nikapata 6,000 nikanunua mizani mpya. Kumbe ile ya zamani ilikuwa inawapa wateja gramu 20 za sukari bure kwa kila kilo, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nawekea panya sumu.